Mstari Mweupe, Kucha Fupi

"Wewe huna kucha," fundi aliniambia, akaigeuza mikono yangu kuhakikisha. "Una alama ya mahali ambapo kucha zingekaa."

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko Taveta. Kama hujawahi kufika, jua tu kwamba Jumatano na Jumamosi mji huu hujaa mpaka unavuka mpaka. Ndizi, nyanya, vitunguu, mitumba, watu wa Holili na Moshi kwa upande mmoja, watu wa Voi na Mombasa kwa upande mwingine. Nilikuwa nimetoka Mata asubuhi pamoja na nyanya yangu, tumebanana ndani ya Probox na mikungu ya ndizi mapajani. Harusi ya binamu yangu ilikuwa wiki inayofuata, na sisi wasindikizaji tulishapewa amri kwenye grupu la WhatsApp: gauni la kijani, viatu vya dhahabu, kucha za frenchi. Hakuna mjadala.

Fundi mwenyewe ni dada wa upande wa Tanzania, anavuka siku za soko na begi lake moja. Kibanda chake ni meza, viti viwili vya plastiki, benchi na taa ya jeli inayotumia paneli ya sola. Alimwona Nyanya amesimama nje, akainuka.

"Shikamoo bibi. Karibu ukae, upumzishe miguu."

"Marahaba mwanangu," Nyanya akajibu, akakaa kwenye benchi na kiroba chake.

Hivyo ndivyo makala haya yalivyoanza. Nilienda kutafuta kucha, nikarudi na maswali. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina shahada ya historia. Lakini nina simu, nina udadisi, na nina mikono mibaya ya kurithi.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo mikono. Kila ukucha una kitanda: ile sehemu ya waridi iliyoshikana na nyama ya kidole. Pale unapoachana na nyama, ukucha hugeuka mweupe. Kuna watu kitanda chao ni kirefu na chembamba, hata akikata kucha zote bado vidole vinaonekana vya mpiga piano. Halafu kuna sisi. Kitanda kifupi, kipana, kimeishia njiani. Wengine tumezaliwa hivyo, na wengine tumejifanyia wenyewe, kwa sababu ukitafuna kucha miaka mingi ukucha huachana na nyama mapema na ncha ya kidole hupanda juu. Mimi nimefanya yote mawili. Nilirithi kwa Nyanya kupitia mama, kisha nikaongeza meno kuanzia kidato cha pili.

Sasa frenchi ni adui wa kitanda kifupi. Mtindo wenyewe ni rahisi: waridi chini, mstari mweupe nchani. Lakini ukiuweka mstari huo kwenye ukucha mfupi, unameza nusu nzima ya ukucha, na mkono unabaki kama una meno ya mtoto. Ukiamua kurefusha kwa kubandika, kuna tatizo la pili, na hili ni la fizikia. Kitanda ndicho msingi. Ukijenga nyumba ndefu juu ya msingi mfupi, siku utakayogonga mlango wa matatu, kinachong'oka si ile plastiki peke yake.

Najua kwa sababu yalinipata. Nilipokuwa chuoni Nairobi, kuna mahali nilibandikwa kucha ndefu kwa bei ya kutupa, poda yenye harufu ya kuumiza kichwa. Wiki mbili baadaye nikagonga kidole kwenye kitanda cha hosteli. Ile ya bandia haikuvunjika, ilitoka nzima, na ukucha wangu ukaondoka nayo. Baadaye nilisoma kwamba kuna kemikali inayoitwa methili methakrilati, kwa kifupi MMA, ambayo ni ngumu mno kwa ukucha na haiyeyuki kirahisi kwenye asetoni. Marekani, shirika la FDA lilianza kuzichukulia hatua bidhaa za kucha zenye kemikali hiyo mwaka 1974, baada ya malalamiko ya watu walioumia. Sijui kama poda yangu ilikuwa hiyo. Najua tu kwamba kidole kilichukua karibu miezi sita kurudi, maana ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 tu kwa mwezi. Miezi hiyo hiyo ndiyo karo ilinishinda. Nilirudi Mata na ukucha nusu.

"Kwani hii frenchi ni ya Ufaransa?" Nyanya aliuliza pale kwenye benchi.

Si ya Ufaransa. Kwa jinsi hadithi inavyosimuliwa kwenye biashara hii, ni ya Los Angeles. Mwaka 1975 Jeff Pink alianzisha kampuni ya ORLY huko. Watengenezaji filamu walikuwa na shida: mwigizaji anabadilisha nguo mara nyingi kwa siku, na kila nguo inataka rangi yake ya kucha, muda unapotea na muda ni pesa. Wakamtaka atafute rangi moja itakayokubaliana na kila kitu. Akachukua nyeupe akapaka nchani, akafunika na waridi hafifu. Mwaka 1978 akaupeleka mtindo huo Paris kwenye maonyesho ya mitindo, na aliporudi akaupa jina la Kifaransa. Jina ndilo liliuza. Sisi watu wa pwani na bara yake tunaelewa mchezo huo, maana hata mitumba ya kawaida ukiiita "kamera" bei inapanda.

Mwaka huo huo wa 1975 kulitokea jambo jingine linalonigusa zaidi. Vita vya Vietnam vilipokwisha, wakimbizi wengi walifika California. Mwigizaji Tippi Hedren alikuwa akitembelea kambi moja karibu na Sacramento, na akina mama kule walizipenda kucha zake. Akamleta fundi wake wa kucha awafundishe. Walikuwa wanawake ishirini hivi. Kutoka hapo kazi ya kucha nchini Marekani ikaja kushikwa kwa kiasi kikubwa na watu wenye asili ya Vietnam. Fikiria: umepoteza nchi, lugha ya hapo huijui, vyeti vyako havina maana, na kitu kinachokupa mkate ni uwezo wa kushika mkono wa mtu mwingine kwa utulivu. Fundi wangu hakusomea popote pia. Alijifunza kwa kumtazama dada yake, halafu kwa video za simu. Nilipomwambia niliacha chuo, hakunipa pole. Aliuliza, "Sasa unakula kwa nini?" Nikasema kwa kuandika. Akacheka, "Basi wote tunakula kwa vidole."

Lakini kabla ya frenchi, hapa kwetu kucha zilikuwa na historia yake. Pwani nzima, Lamu mpaka Unguja, mapambo ya mkono ni hina. Majani ya mhina yanatwangwa, yanakandwa, yanapakwa, na ile rangi inashikana na ukucha wenyewe. Haitoki kwa sabuni wala asetoni. Inasubiri ukucha ukue, ukatwe, ndipo iondoke. Bibi harusi wa Mombasa akitiwa hina, rangi ile hukaa kwenye kucha zake miezi kadhaa ndani ya ndoa, ikipungua kidogo kidogo kutoka chini.

Na tazama jambo hili, ambalo sikuwahi kuliona mpaka fundi alipoanza kazi. Hina ya kuchovya haipakwi kwenye ukucha peke yake. Inafunika ncha nzima ya kidole, ukucha na nyama, mpaka kwenye pingili. Ule mpaka kati ya ukucha na ngozi unapotea. Macho hayaoni tena kitanda kinaishia wapi, na kidole kifupi kinaonekana kirefu. Mafundi wa leo wana poda ya waridi nzito inayofanya kazi ileile, inaficha pale kitanda kinapoishia. Hina ilishalitatua tatizo la kitanda kifupi kabla ya Los Angeles kuwa na filamu.

Kisha ikaja chupa. Kampuni ya Cutex ilianza Marekani mwaka 1911 kwa kuuza dawa ya kulainisha ngozi ya pembeni ya ukucha, na baadaye katika muongo huo ikaanza kuuza rangi ya maji. Jina hilo lilisafiri kuliko chupa yenyewe. Mpaka leo Kenya, rangi ya kucha ya kampuni yoyote ni kyuteksi, kama vile dawa ya meno ya kampuni yoyote ni kolgeti. Nyanya analijua neno kyuteksi. Nilipomuuliza kama aliwahi kupaka, alisema mara moja, siku ya harusi yake, nyekundu, ya kuazima. Jumatatu iliyofuata alikuwa kazini na ikawa imebanduka kufikia saa nne.

Kazini ni wapi? Mkongeni. Huwezi kuandika historia ya kucha za Mata bila mkonge.

Mkonge si mmea wa kwetu. Ulitoka Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kupitia Florida kwa ajili ya Tanganyika, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Kutoka kwa hivyo 62 yakaja mashamba yaliyomeza nchi. Kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa inazalisha takribani tani 230,000 kwa mwaka, na upande wetu wa mpaka, udongo mkavu wa Taita na Taveta nao ukapandwa mistari ile ya kijani isiyokwisha. Reli ya kutoka Voi ilikuwa imeshafika, ilijengwa haraka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kubeba askari kwenda kupigana na Wajerumani.

Juu ya kilima upande huu wa Taveta kuna jumba la mzungu aliyeitwa Ewart Grogan. Wenyeji hulitaja kama Girigan. Alilijenga miaka ya 1930, na ukisimama pale unaona Ziwa Jipe na milima ya Upare ng'ambo. Vitabu vinamsifu kama mtu aliyetembea kutoka Cape mpaka Cairo, 1898 hadi 1900, ili akubaliwe kumwoa mwanamke aliyempenda. Mwaka 1907 mtu huyo huyo aliwachapa viboko hadharani Waafrika watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa sababu ya jinsi walivyoliendesha riksho lililobeba wanawake wa kizungu. Walikuwa wavutaji wa riksho, kazi yao ni mikono na miguu.

Shamba la mkonge linafanya nini kwa mkono? Jani lina mwiba nchani mgumu kama sindano. Linakatwa kwa kisu, linafungwa mafungu, linabebwa. Maji yake yanawasha, yanachubua ngozi. Mashine ya korona inaliponda na kuacha nyuzi, na katika jani zima nyuzi ni karibu asilimia 4 tu. Nyingine yote ni maji na takataka. Kisha nyuzi mbichi zinaanikwa kwenye nyaya juani, na hapo ndipo walipokuwa akina mama wengi, Nyanya akiwamo. Kuanika, kugeuza, kuanua. Nyuzi ni laini ukiziona kwa mbali, lakini ukizipitisha mikononi kutwa nzima ni msasa.

"Kucha zilikuwa zinaisha zenyewe," alimwambia fundi. "Hatukuwa tunakata."

Pale ndipo nikaelewa kitu kuhusu ule mstari mweupe. Ncha ya ukucha wa kila binadamu ni nyeupe tayari. Frenchi haiongezi rangi mpya, inachora tu kile ambacho mkono ungekuwa nacho kama usingeguswa na kitu. Kwa mtu anayelima, ncha ni nyeusi. Kwa mtu wa mkonge, ilikuwa ya kijani chafu, kama ilikuwepo. Tunalipa ili tuonekane kwamba mikono yetu haijafanya kazi. Nami nililipa. Nakiri. Sikuwa hapo kuwahubiria wasindikizaji wenzangu.

Na huu nao utauona ni utani mbaya wa historia. Mwaka 1954 kulitokea mambo mawili mbali na Mata. Italia, mwanakemia Giulio Natta alifaulu kutengeneza polipropilini, plastiki ambayo baadaye ilimpatia Tuzo ya Nobeli, mwaka 1963, pamoja na Karl Ziegler. Marekani, daktari wa meno Frederick Slack alivunjika ukucha akiwa kazini, akachukua akriliki ya kutengenezea meno bandia, akaweka kipande cha foili chini ya kidole, akajijengea ukucha mpya. Kucha za akriliki tunazoweka leo zinatokana na siku hiyo.

Ya kwanza iliua kamba. Kamba za plastiki zilipoenea miaka ya 1960 na 1970, bei ya mkonge ikaporomoka duniani, na mashamba mengi Afrika Mashariki yakadhoofika au yakafa. Vibarua wakapunguzwa, Nyanya akawa mmoja wao mwishoni. Ya pili ikaja kukaa kwenye kucha za mjukuu wake. Mwaka mmoja, plastiki mbili. Moja ilimwachisha kazi iliyomaliza kucha zake, nyingine inauzwa sokoni ili kuzirudisha.

Fundi alikuwa akinisikiliza huku anasugua. Nilipotua akasema, "Sisi kwetu Spika alishatukataza."

Ni kweli. Septemba 2018 Spika wa Bunge la Tanzania, marehemu Job Ndugai, alitangaza kwamba wabunge wenye kope na kucha za bandia wasiingie bungeni Dodoma. Ilikuwa baada ya naibu waziri wa afya wa wakati huo, marehemu Faustine Ndugulile, kueleza madhara ya vitu hivyo. Watu walicheka, wengine walipiga makofi. Lakini haikuwa mara ya kwanza. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kuanza Januari 1969. Sketi fupi, mawigi, nguo za kubana na krimu za kujichubua vikapigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Wasichana walisumbuliwa mitaani na kwenye mabasi. Ajabu ni kwamba kila serikali inapotaka kuonyesha ina msimamo, inaanza na mwili wa mwanamke.

Upande wetu tunapenda kodi kuliko marufuku. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa mawigi, ndevu za bandia, kope na kucha za bandia. Mitandao iliwaka, na kamati ya bunge ikapendekeza kipengele hicho kiondolewe. Fundi hakuwa na habari. Alisema angejua mapema angepandisha bei kwanza.

Hebu niseme alichofanya, kwa ajili ya wenzangu wenye vitanda vifupi.

Alianza kwa kusukuma ile ngozi nyembamba inayopanda juu ya ukucha. Peke yake hiyo iliniongezea labda milimita moja ya kitanda ambayo sikujua ninayo. Akasugua juu kidogo tu, bila kukwaruza mpaka chini. Hakutumia zile kucha za plastiki za kubandika, alisema kwenye kitanda kipana hazikai, zinaacha upenyo pembeni na maji yanaingia. Alitumia fomu, ile karatasi ya gundi inayovishwa chini ya ncha ya kidole, kizazi cha ile foili ya Slack. Akachukua poda ya waridi nzito, inayofanana na nyama, akaijenga juu ya kitanda changu na kuivusha, akaendelea nayo mbele ya pale kitanda kinapoishia kwa kweli. Hapo ndipo uongo wenyewe ulipo. Kitanda kipya, kirefu kuliko cha Mungu.

Kisha akachukua faili akachonga ukingo wa hiyo waridi uwe na umbo la tabasamu, umeingia katikati, umepanda juu pembeni. Pembe zikipanda, ukucha mpana unaonekana mwembamba. Ndipo akaweka nyeupe, nyembamba sana, na si ile nyeupe ya chaki bali ya maziwa. Akabana pembeni, akachonga ncha iwe kama lozi badala ya mraba, maana mraba unapanua. Akahakikisha sehemu nene iko juu ya kitanda changu halisi, si nchani, ili nikigonga kitu nguvu isiende kwenye nyama. Na akakataa kabisa nilipotaka ndefu zaidi.

"Inayoning'inia isizidi urefu wa iliyoshika," alisema. "Ukitaka ndefu, acha kwanza kutafuna, urudi baada ya miezi sita."

Alipomaliza nilikaa nikiitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Nilimwonyesha Nyanya. Alishika vidole vyangu kimoja kimoja, akasema, "Ni vizuri. Sasa utafua na nini?"

Nimechelewesha jambo moja, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Alhamisi ile, siku mbili kabla ya soko, tulikuwa tumeenda na Nyanya kwenye ofisi moja kusajiliwa kwa malipo fulani anayostahili kwa umri wake. Sitaitaja ofisi. Kijana wa mashine alimwambia aweke kidole. Mashine ikalia. Kidole kingine, ikalia. Vyote kumi, mara tatu tatu. Watu nyuma yetu kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Kijana hakuwa mbaya, alisema tu, "Mama hana alama za vidole," na kwamba turudi Jumatatu tujaribu tena, ikishindikana kuna fomu nyingine ya kujaza, na hiyo huchukua muda. Nyanya hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Usiku akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Kwa hivyo mimi si mtu?"

Nchi hii ina historia ndefu na vidole. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, 1919 na 1920. Kila mwanamume mzima alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina, mwajiri, mshahara na alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma, shingoni. Ukikamatwa bila hicho, ni jela au faini. Harry Thuku na wenzake walikipinga, na alipokamatwa Nairobi mwaka 1922 watu waliojikusanya kumdai walipigwa risasi. Wanawake hawakuvishwa kipande, serikali haikuwahesabu kama vibarua. Baada ya uhuru tukaendelea na usajili, na ni 1978 sheria ilipobadilishwa ndipo wanawake wakaanza kupewa vitambulisho. Mpaka leo mtaani tunakiita kitambulisho kipande, wala hatufikirii.

Nyanya alichukua chake baada ya hapo, akiwa msichana wa mkonge. Anakumbuka wino. Anakumbuka karani alimshika kila kidole na kukiviringisha kwenye karatasi, na alama zikatoka wazi. Kwa hivyo alama alikuwa nazo. Zimeenda wapi? Zimeanikwa kwenye nyaya pamoja na nyuzi, mwaka baada ya mwaka, zikafungwa robota zikasafirishwa. Serikali iliwahi kulazimisha watu waonyeshe vidole ili wasitoroke kazi. Sasa inamwambia mtu ambaye hakutoroka kwamba kazi imefuta ushahidi.

Nilimweleza fundi haya huku ananipaka mafuta ya mwisho. Hakujibu kitu. Alinisogeza kitini, akamwita Nyanya.

"Bibi, njoo nikuoshe mikono. Bure."

Nyanya alikataa, kama ilivyo ada, halafu akakubali. Fundi akamwaga maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akatia chumvi na sabuni kidogo, akailoweka mikono yake kama dakika ishirini, akiongeza maji ya moto kila yakipoa. Akaikausha. Akasukuma ngozi ya pembeni polepole, akasawazisha kucha kwa faili laini. Halafu akachukua mafuta ya nazi akaanza kukanda, ncha za vidole hasa, akizungusha kidole gumba chake kwenye kila ncha. Vitanda vya Nyanya ni vyangu kabisa, vifupi na vipana. Ni kama kuiona mikono yangu iliyotumika.

"Nikuwekee mstari, bibi? Mwembamba tu."

Nyanya akafikiri. "Wa nini? Nani ataamini?" Tukacheka wote watatu. Kisha akanyoosha kidole kidogo cha mkono wa kushoto. "Weka hapa. Hiki hakikufanya kazi sana."

Fundi akampaka hicho kimoja, mstari wa maziwa mwembamba kama uzi, bila kurefusha chochote. Na akampa kichupa cha mafuta, ajipake usiku na asubuhi, avae soksi mikononi akilala, asifue mpaka Jumatatu. Alisema wazee wa kwao wanaolima kahawa hupata shida hiyohiyo, na ngozi ikiwa na unyevu wakati mwingine mashine husoma. Wakati mwingine.

Jumapili nilifua mimi, na kucha mpya. Inawezekana, ila unashika sabuni kama mtu aliyeungua.

Jumatatu tulikuwa wa nne kwenye foleni. Kijana alikuwa yuleyule. Kidole gumba, ikalia. Cha shahada, ikalia. Akamaliza mkono wa kulia wote. Nyanya alikuwa akitazama ukutani. Akaanza wa kushoto, ikalia, ikalia, na nikaanza kupanga kichwani barua nitakayoandika. Kwenye kile kidogo, chenye mstari mweupe, taa ikageuka kijani.

Kijana akasema akirudie kuhakikisha. Ikageuka kijani tena. Akaandika kwenye kompyuta, akatuambia kimoja kinatosha kuanza, akamwita anayefuata.

Tulipofika nje Nyanya alikiangalia kidole chake, akakifuta mafuta kwenye leso, akaniambia tutafute Probox kabla jua halijawa kali, kwa sababu kuna nguo bado ziko kwenye kamba.